Msimu wa Matlai: Majibu kwa Wanaokuja Kula Lamu na Malindi

Barua nyingi nilizopokea majuzi zinatoka kwa watu wanaopanga kuja pwani mwisho wa mwaka, na karibu zote zinauliza habari ya chakula. Nimechagua sita.

Naishi Stuttgart. Huku majani yakianza kupukutika, watu hutoka mjini kwenda vijijini penye mizabibu, wakanywa divai changa na kula mkate wa vitunguu. Nikirudi nyumbani, ipo safari ya namna hiyo?

Ipo, ila kwetu msimu hutangazwa na upepo. Kuanzia Aprili hadi Septemba unavuma kusi: bahari inachafuka, vidau vidogo havithubutu kuvuka mwamba, na samaki wazuri huwa haba na ghali. Oktoba na Novemba upepo hulegea. Hayo ndiyo matlai, kabla kaskazi haijashika mwezi wa Desemba. Maji yanatulia na wavuvi wanatoka mbali. Nguru, kolekole na changu wanarudi sokoni, nao wageni wa Krismasi bado hawajapandisha bei za vyumba. Mvua za vuli zitakunyeshea siku mbili tatu, lakini hazizuii mtu kula.

Msidharau upepo. Vasco da Gama aliondoka Malindi Aprili 1498, kusi ikamfikisha India chini ya mwezi mmoja. Kurudi hakungoja msimu. Safari ikachukua karibu miezi mitatu, mabaharia wakafa kwa kiseyeye, na walipotia nanga Malindi Januari 1499 waliagiza machungwa kwa ajili ya wagonjwa wao. Mji huu umekuwa ukilisha wasafiri tangu zamani.

Mwaka jana tulikuja Lamu siku tatu. Kila tulipouliza pweza, tuliambiwa hakuna. Mwishowe tukala kuku. Tulikosea wapi?

Hamkukosea, ila hamkuutazama mwezi. Pweza hukaa katika mashimo ya mwamba, na wavuvi wengi humfuata kwa miguu wakati maji yametoka kabisa. Hilo hutokea siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo maji hutoka sana mnamo saa nne asubuhi, na mchana pweza yuko sokoni akiwa bado anang'aa. Katikati ya hapo ni maji mafu; mwamba haufunuki vya kutosha, nanyi nadhani ndipo mlipofikia.

Kwa hiyo kabla ya kulipia chumba, fungueni kalenda ya mwezi. Bamvua ina faida nyingine: alasiri maji hujaa sana, na mashua inaweza kupenya katikati ya mikoko hadi kwenye magofu ya Takwa, kisiwani Manda. Chukueni wali wa nazi na samaki wa kupaka, mle huko chini ya mibuyu. Sijui mlo wa mchana unaoushinda huo.

Na mkipata kamba mawe, mgeuzeni mtazame tumboni. Akiwa na mayai, mkataeni, hata kama mwenye hoteli atanuna. Huyo ndiye kamba wa miaka ijayo.

Nataka kula wanachokula wenyeji wa Lamu, si chakula cha watalii. Nianzie wapi?

Anza asubuhi mapema: mahamri na mbaazi za nazi, chai ya maziwa yenye iliki. Kisha uliza ni nani siku hiyo anapika mkate wa mofa. Ni mkate wa nafaka unaobandikwa ndani ya tanuri la udongo. Ukitoka motoni unanukia moshi, ukipoa unakuwa mgumu, basi usiuchukue kwenda nao hotelini; ule papo hapo, na samaki au mchuzi. Wanaojua kuupika vizuri hawaongezeki, na kuununua ni njia mojawapo ya kuufanya usipotee.

Adhuhuri, biriani ya samaki. Jioni pita Usita wa Mui, njia kuu ya mji, taratibu, ukiwapisha punda: viazi karai, mishkaki, katlesi, bajia, na bilauri ya maji ya ukwaju au juisi ya embe. Usiku, kahawa chungu na halwa. Keti barazani, amkia waliokutangulia, kunywa kikombe kidogo na kingine. Mji huu uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, na watu hupiga picha milango yake ya nakshi. Mimi naona jikoni mwake kunastahili heshima ileile.

Je, naweza kupata mnazi? Na bia Lamu?

Mnazi ni wa upande wa Malindi na Kilifi, kwa Wamijikenda. Ule uliogemwa asubuhi ni mtamu na mwepesi. Hauachi kuchacha, na kufikia jioni umekuwa mkali. (Msomaji wa Stuttgart atautambua mwenendo huo: divai changa ya huko nayo huuzwa ingali inachacha.) Nenda mangweni, yaani penye kuuzwa mnazi, na mwenyeji, mapema, na umlipe mgema bei yake bila kubishana, anapanda minazi mirefu asubuhi na jioni. Lamu ni mji wa Kiislamu. Hoteli chache zina leseni. Kunywa humo, usitembee na chupa mitaani.

Tuna siku nne kutoka Nairobi. Tufike Malindi na Lamu?

Chagueni kimoja. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kilomita 120 hivi, na Malindi hadi Mokowe, gati la bara la kuvukia Lamu, ni zaidi ya 200, kisha boti. Siku mbili zitaishia barabarani.

Mkichagua Malindi, pitieni Dabaso karibu na Watamu. Kikundi cha wanakijiji kinanenepesha kaa katika hori ya Mida na kuwauza katika mkahawa wao wa mbao uliosimama juu ya mikoko, Crab Shack. Sambusa za kaa ni tamu, na fedha inabaki kwa watu wanaoilinda mikoko hiyo. Nendeni alasiri ya bamvua, maji yakiwa yamejaa. Siku inayofuata, kuleni tambi au aiskrimu ya Kiitaliano mjini Malindi. Waitaliano wameishi hapa miongo mingi, na huo nao ni upishi wa mji huu.

Mke wangu hali samaki wala nyama, na mimi nataka kurudi na embe. Itawezekana Novemba?

Mkeo atakula vizuri: maharagwe ya nazi, mchicha wa nazi, wali, vitumbua. Aulize tu kama mchuzi umetiwa papa mkavu.

Embe zinaanza Novemba. Zinajaa sokoni Desemba na Januari. Mwambie muuzaji siku utakayofika nyumbani, akuchagulie ngowe au boribo zilizokomaa lakini bado ngumu. Zipange katika kikapu cha ukindu, maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na embe hupenda kupumua. Ongeza mbichi chache za kutengenezea achari.