Kabla ya kuwasha leza, tazama rangi ya dhahabu yako

Wadogo zangu mnaoanza kupima molekuli kwa leza na chembe nano za dhahabu, nianze na kilichonigharimu wiki tatu: maji.

Maabara niliyojifunzia hapa Dar ilitumia maji ya kisima, na ya pwani mnayajua, yana chumvi. Nilisuuza chupa kwa maji hayo, nikamimina ndani yake dhahabu, yaani chembe zile zikielea majini, iliyokuwa nyekundu kama juisi ya rozela. Ikageuka zambarau, kisha bluu. Asubuhi nikakuta mashapo meusi chini na maji matupu juu. Chembe zile huelea kwa sababu sitreti, kemikali inayozizunguka, imezipa chaji hasi, kwa hiyo zinasukumana. Chumvi huufifisha msukumano huo, nazo hugandana. Chupa isuuzwe mara ya mwisho kwa maji yaliyokenekwa, kila siku, hata kama mmechoka.

Lakini msiikimbie chumvi. Mtawanyiko tunaoutafuta, yaani mwanga wa leza unaorudi kutoka kwenye molekuli ukiwa umebadilika rangi, ule alioutangaza mwanafizikia wa India C. V. Raman mwaka 1928, ni hafifu mno: karibu fotoni (chembe ya mwanga) moja tu katika milioni kumi. Mwanga ukiipiga dhahabu, elektroni za juu yake hutikisika kwa pamoja na uga wa umeme jirani yake hukua. Uga ukikua mara 10, mtawanyiko wa molekuli iliyo hapo huongezeka takriban mara 10,000! Na uga huwa mkali zaidi katika mwanya mwembamba kati ya chembe mbili. Tunataka basi zikaribiane bila kuanguka chini. Changanya kwanza sampuli na dhahabu, ndipo utie chumvi uliyoipima, tone kwa tone, na upime kwa muda uleule kila mara, maana kugandana hakukusubiri. Mimi hupima rangi inapoanza tu kuelekea zambarau.

Molekuli nayo lazima ifike kwenye metali. Ikikaa mbali kwa nanomita chache tu, faida imepotea. Piridini, molekuli inayoshika metali vizuri, ikiwa juu ya metali ya fedha iliyokwaruzwa kwa umeme, ndiyo iliyowapa mwanakemia Fleischmann na wenzake mwanga mkali kule Southampton, Uingereza, mwaka 1974. Glukosi hushika vibaya, msianze nayo.

Pimeni pia dhahabu tupu, isiyo na sampuli. Sitreti ina vilele vyake kwenye grafu ya mwanga, na nimeona mwanafunzi akivishangilia kama dawa aliyokuwa akiitafuta.