Unasema Mombasa hakuna muziki wa laivu? Kaa hapa nikwambie

Juzi dada mmoja kanitumia meseji. Amehamishiwa Mombasa kikazi tangu mwezi wa pili, ametokea Nakuru, na anasema wikendi tatu mfululizo amezunguka akitafuta bendi, kila anapoingia ni DJ, tena nyimbo zile zile alizoziacha Nakuru. Akaniuliza, "Dada, kwani Mombasa hakuna muziki wa laivu ama ni mimi sijui pa kwenda?" Niliisoma nikiwa kwa matatu ya Kisauni, tumekwama darajani, na moyo ukanichemka maana hili swali nshaulizwa mpaka nimechoka, lakini nikakumbuka mimi mwenyewe, mzaliwa wa hapa hapa, mwaka 2015 nilikuwa nasema maneno yayo hayo. Kwa hivyo dada yangu nakujibu hapa mbele ya watu ili na wenzako wafaidike.

Alafu kuna jambo limenitokea Jumamosi iliyopita, ntafika huko.

Kwanza ujue muziki wa Mombasa haukai mahali pamoja ukamsubiri mtu. Uko harusini, uko mahotelini, uko kwa baa za Mtwapa na Kisauni ambazo ukizipita mchana utadhani ni stoo ya saruji, uko Mama Ngina Waterfront kukiwa na shughuli, uko Swahilipot Hub ambako vijana wanapiga gitaa na kughani mashairi. Na usidhani ni mambo ya juzi. Simba Wanyika unaowaskia kila siku redioni, wale ndugu kina Kinyonga walioianzisha walitoka Tanga wakapitia Arusha, lakini bendi yenyewe ilizaliwa Mombasa hapa 1971, baadaye ndio wakaenda Nairobi. Them Mushrooms wamekulia hapa, wamepiga kwa mahoteli ya pwani miaka na miaka, 1987 wakahamia Nairobi. Mombasa inalea, Nairobi inaoa, hiyo ndio historia yetu na inaniuma kila nikiifikiria.

Na kuna kuumia kwengine. Mamangu alikuwa na kanda za Juma Bhalo, yule mwimbaji wa taarabu, kwenye kopo la biskuti, kopo lenyewe lilikuwa juu ya kabati na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuligusa, Ijumaa akimaliza kupika analishusha, anachagua kanda moja, anaizungusha kwa kalamu ikiwa imelegea, alafu nyumba nzima kimya. Mimi nilikuwa naona ni nyimbo za wazee. Bhalo akaacha kuimba 2007, akafariki 2014. Zein l'Abdin akafuata 2016, mtu ambaye udi, ule wa nyuzi, ukiwa mikononi mwake ulikuwa unaongea. Wote wawili walikuwa wakiishi mji huu huu ninaoishi mimi na sikuwahi kumuona hata mmoja akipiga mbele ya macho yangu, na kutoka kwetu mpaka Mji wa Kale ni nauli ya shilingi hamsini. Hilo siwezi kulirudisha. Ndio maana nakwambia nenda sasa, usiseme mwakani.

Mimi nilianzia kwa bango, na sizungumzii bango la matangazo, nazungumzia ule muziki wa Mzee Joseph Ngala na saksafoni yake, midundo ya Kimijikenda imekutana na jazi na mapigo ya Kilatini, unachezwa taratibu, watu wazima wanashikana kiuno na hawana haraka. Mjomba wangu ndiye aliyenipeleka mara ya kwanza, 2016, baa moja ya Bamburi, Jumapili jioni. Nilikaa nikiwa na simu mkononi nikisubiri twende nyumbani. Alafu mzee wa saksafoni wa bendi ile (sio Mzee Ngala, ni mwengine, hata jina simtaji) akatoa kile kipande chembamba cha mdomoni, akakilowesha kwa ulimi polepole kama anaonja chumvi ya mchuzi, akakirudisha, akapuliza noti moja tu ya chini. Moja. Nikaiskia kifuani kabla ya kuiskia masikioni. Simu nikaitia kwa mkoba na tangu siku ile mimi si mtu wa DJ tena.

Basi nikawa kila Jumapili niko pale. Miezi ya kwanza siihesabu, nilikuwa najifunza tu nani ni nani, nani anapiga besi, nani anapiga solo, wimbo gani ni wao na upi ni wa kuazima. Nikajuana na baunsa, nikajuana na meneja, nikawa napita mlangoni bila kulipa, nasalimiwa kwa jina, na nikileta marafiki wanne watano nasema "hawa ni watu wangu" wanapita pia. Nilijiona nimefika. Niliona hiyo ndio heshima ya shabiki wa kweli, kwamba yeye halipi kama watu wengine.

Usiku mmoja wa 2019 bendi imemaliza, wanakunja nyaya, mpiga besi akaniita kando. Hakunigombeza. Alifungua karatasi iliyokunjwa mara nne akanionyesha hesabu. Pale kwao mapatano yalikuwa hivi, pesa ya geti ni ya bendi, ya kaunta ni ya mwenye baa, mshahara hakuna. Kiingilio shilingi 300. Usiku ule waliolipa ni kumi na wanne. 4,200. Pikapu ya kubeba vyombo kuja na kurudi 1,400. Imebaki 2,800, wao ni saba, kila mtu 400. Na mimi kwa macho yangu nilikuwa nimehesabu watu zaidi ya arobaini mle ndani, wengine nimewaleta mimi, na wote tumekunywa, tumekula mishkaki na kachri, pesa yetu yote imeenda kaunta. Akaniambia, "Dada, sisi tunakupenda sana, lakini mapenzi yako yanatulaza njaa." Akaikunja ile karatasi akaitia kwa mfuko wa shati akaenda kubeba spika.

Sikulala. Jumatatu niko ofisini, mimi nafanya kazi ya klaringi, kutoa mizigo bandarini, natazama makaratasi ya watu wa kontena na ninachokiona ni ile karatasi moja. Nilipiga hesabu ya miaka mitatu nikaacha njiani.

Nikaanza kulipa, na marafiki zangu nikawaambia walipe, wengine wakanuna wakaacha kuja kabisa. Lakini tulichelewa. Mwaka uliofuata ikaja korona, baa zikafungwa, na zilipofunguliwa mwenye baa akasema bendi ina watu wengi na vyombo vingi, DJ ni mtu mmoja na laptopu. Khalas. Bendi ya watu saba ikaisha hivyo. Mpiga drams saa hizi anaendesha tuktuk Likoni, nikikutana naye tunasalimiana vizuri lakini hatuzungumzii muziki.

Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza dada yangu, lipa. Hata ukijuana na mlango mzima, lipa. Hata wakikwambia "pita tu", toa 300 yako uiweke pale mezani. Na fika mapema, kwa sababu mwenye baa anachungulia watu wa saa mbili, hachungulii wa saa sita, bendi inapimwa kwa ile saa ya kwanza wakati viti viko tupu, sisi tunakuja saa tano tukiwa tumeoga na kunukia na tayari meneja ashaamua kichwani mwake kwamba hawa hawaleti watu. Fika mapema.

Kuhusu taarabu, hiyo si ya tiketi, utaalikwa. Zoeana na majirani, saidia kupika, hutakosa harusi. Angalia kalenda ya Kiislamu maana harusi zinajazana Shaaban kabla ya kufunga na zinarudi kuanzia mfungo mosi baada ya Idi, Ramadhani yenyewe ni kimya, wanamuziki wengi mwezi mzima hawana kazi. Ukialikwa usiku wa wanawake usiende na noti moja kubwa, vunja pesa dukani kabla. Kutunza, yaani kumpa mwimbaji pesa akiwa anaimba, kuna adabu yake. Unasubiri ubeti unaokugusa, unanyanyuka, unakwenda stejini kwa mwendo wa ngoma, noti iko baina ya vidole viwili juu kila mtu aione, unampa mwimbaji mkononi, unazunguka unarudi. Shangazi yangu mmoja nilimuona akitunza hamsini hamsini mara nane kwa wimbo mmoja, na kila akinyanyuka anapita mbele ya mwanamke fulani aliyekaa safu ya pili, hakusema neno na hakuwa na haja, ubeti ulikuwa unamsemea. Ukiyaelewa hayo utajua kwa nini mwimbaji anarudia ubeti mmoja mara sita. Kuna mtu bado hajamaliza kusema.

Bendi za hoteli nazo zinakwenda na msimu. Desemba wanapiga kila usiku, wanawapigia wageni zile zile za kukaribisha wageni, huwezi kuwalaumu. Ikifika Aprili masika yanaanza, wageni wanapungua, hoteli nyengine zinafunga mpaka Juni na wanamuziki wanaambiwa tutawaita. Hapo ndio uwatafute. Mwezi wa tano ndio nimeskia muziki mzuri kuliko wote maishani mwangu, mvua inapiga mabati, tuko kumi, na watu wanapiga nyimbo zao wenyewe walizozitunga chumbani na ambazo hotelini hawaruhusiwi kuzigusa.

Kurudi nyumbani panga mapema, hasa sisi wanawake. Mimi nina mtu wangu mmoja wa tuktuk, namwambia saa ya kunichukua kabla sijatoka nyumbani, na ukivuka Likoni kumbuka feri za usiku zinachelewana. Nakaa karibu na stejini upande wa besi, sikai karibu na kaunta, walevi wako kaunta, na ukikaa upande wa besi unaskia muziki unavyojengwa kutoka chini.

Na sasa niseme hili ambalo nimelinyamazia. Bendi ile ya Bamburi ilikuwa na dada wa koras, wa kuitikia, sauti ya ajabu. Nilimnunulia viatu vya stejini, nilimshonesha gauni la leso kwa pesa yangu, usiku mwingine alilala kwetu mamangu akampa mahamri na mbaazi asubuhi. Akapata mkataba wa kuimba nchi za Ghuba, akaondoka bila kuniaga, namba akabadilisha. Mwaka jana nikaskia mahojiano yake anasema hakuna mtu Mombasa aliyewahi kumshika mkono. Hakuna mtu. Nililia, nasema ukweli, na mpaka leo nikiliona lile gauni kwa picha zangu roho inaniuma. Lakini nilikaa nalo nikajiuliza, je nilikuwa namsaidia ama nilikuwa namnunua? Wewe shabiki mwenzangu jiulize pia. Mwanamuziki si mtoto wako na si mali yako, ukishalipa 300 yako na akakupigia mmemalizana, akikupenda ni ziada. Tuache hii tabia ya kutaka kujulikana. Tuache kutaka tupitishwe mlangoni. Tulipe, tukae, tuskize.

Jumamosi sasa. Yule mzee wa saksafoni amekusanya vijana watano, anapiga pahali padogo Kisauni. Mvua ilikuwa kubwa, nilifika saa moja na nusu nikawa mtu wa tatu, nikalipa, nikakaa upande wa besi. Mpaka saa tatu tulikuwa tisa. Katikati ya wimbo na wimbo akasogea kwa maiki akasema, "Binti wa klaringi amelipa geti leo, na juma lililopita alilipa, na lile la kabla." Hakucheka. Akawageukia vijana akawaambia ufunguo wa wimbo, akakilowesha kile kipande chake kwa ulimi, akapuliza noti ya chini. Ni wimbo wa bendi ile ya Bamburi, ambao hawakuwahi kuurikodi popote, nilijua umekufa pamoja nao. Kijana wa besi hakuwa anaujua vizuri, alikuwa anamwangalia mzee vidole. Akakosea mara mbili, mzee akamsubiri, wakaendelea. Mwisho wakaukamata.

Dada wa Nakuru, wanapiga tena Jumamosi hii. Saa moja na nusu nitakuwa hapo Kisauni, nitakutumia njia kwa inboksi. Meza ya pili upande wa besi, njoo na 300 mkononi, na leta mwavuli.