Safari ya siku moja kutoka Sydney hadi kwenye theluji

Ndugu, umeuliza kama inafaa kuwachukua watoto wako wawili, wa miaka sita na tisa, katika ziara ya basi ya siku moja kutoka Sydney hadi Thredbo, kijiji cha michezo ya theluji katika Milima ya Snowy huko Australia, mwezi Agosti. Msimu umeuchagua vizuri, kwani theluji ya milima ile huwa ya kutegemewa zaidi kuanzia mwishoni mwa Julai. Kinachonitia shaka ni umbali: Thredbo iko takribani kilomita 500 kutoka Sydney, yaani karibu saa sita za njia kwa kwenda pekee, na ndiyo maana mabasi ya namna hii huondoka usiku wa manane na kurudi usiku unaofuata, watoto wakiwa hoi.

Kama ratiba yenu inaruhusu, ningewashauri mlale Canberra, ambako safari hupungua hadi saa mbili na nusu hivi, au Jindabyne, mji ulio chini ya milima yenyewe. Kama hairuhusu, basi kabla ya kulipa mwulize mwandalizi mtapata saa ngapi halisi kwenye theluji, na kama bei inajumuisha kiingilio cha Hifadhi ya Kosciuszko, ambamo Thredbo imo, na ukodishaji wa nguo zisizopenya maji. Jinzi msiwavalishe kabisa. Zikilowa hazikauki, na mtoto anayetetemeka hataki tena kucheza. Dawa ya kichefuchefu wapeni mapema, kwa sababu barabara ya mwisho ina kona nyingi.