Breki ya rili kwa tarponi wa kilo 60, nikaze kiasi gani?

SWALI: Kaka habari za leo. Mi ni mvuvi wa wikiendi tu, nikipata nafasi natoka Dodoma mjini na fimbo yangu mpaka Mtera kuhangaika na kambale. Sasa shemeji yangu anaishi Florida, kaniambia mwezi wa sita niende tukavue tarponi, kanitumia na video samaki anaruka juu ya maji kama mbuzi kaona chui, nimeogopa kidogo. Ninunue vifaa gani, na breki ya rili nikaze vipi? Jamaa yangu anasema kaza mpaka mwisho.
– Msomaji, Area C

JIBU: Mdogo wangu, huyo jamaa kanikumbusha mimi mwenyewe. Siku moja hapo hapo Mtera nilinasa kambale mkubwa, akavuta, nikapandwa na hasira nikakaza breki mpaka ikagoma kabisa, nikasikia tu taa! mshipi umekatika na mi niko chini kwenye tope. Na huyo ni kambale. Tarponi wa Atlantiki anapita mita mbili, rekodi ya dunia ni karibu kilo 130, wa Guinea-Bissau mwaka 2003, kwa hiyo kilo 60 kule ni samaki wa kawaida tu.

Vifaa usinunue, azima kwa shemeji, hela weka kwenye nauli. Fimbo ngumu ya futi 7, rili kubwa yenye mita 300 hivi za mshipi wa kusuka wa paundi 50 (yaani uzito unaouhimili kabla haujakatika), mbele kipande cha nailoni nene ya paundi 80 maana mdomo wake ni msasa. Ndoano iwe ya duara, na akigusa usikurupuke kunyanyua fimbo, we zungusha rili tu ndoano itajigeuza yenyewe ikamate pembeni ya mdomo, kwingine ni mfupa mtupu.

Sasa breki, ile inayoamua samaki avute kwa nguvu gani ndo rili iachie mshipi. Kanuni ni robo ya nguvu ya mshipi, ukizidisha sana theluthi. Paundi 50 ni kama kilo 23, kwa hiyo breki yako ni kilo 6 hivi, na usiikadirie kwa kuvuta na mkono, mkono unadanganya sana. Chukua ndoo, weka maji lita 5 na nusu (lita moja ni kilo, na ndoo nayo ina uzito wake), funga mshipi kwenye mkono wa ndoo, simama barazani uinyanyue polepole, fimbo isisimame wima itavunjika. Ndoo ikipanda bila spuli (lile gurudumu lililozungushiwa mshipi) kuteleza, legeza. Ikigoma kabisa kutoka chini, kaza. Unataka ile hali ya kuning'inia halafu spuli inateleza taratibu, bila kukwama kwama, maana rili inayokwama ndo inakata mshipi. Majirani watakucheka, waache.

Halafu hapa wengi wanafeli: samaki akishakimbia mbali, mshipi kwenye spuli unapungua na breki inazidi kuwa nzito yenyewe. Mzunguko wa mshipi ukibaki nusu ya upana wa mwanzo, kilo 6 zako zimeshakuwa 12, na hapo bado maji yanauvuta mshipi mrefu. Yaani wakati moyo unakwambia kaza, we legeza kidogo au mwambie shemeji amfuate kwa boti.

Akiruka, inamisha fimbo umsogezee mbele mshipi ulegee, kama unamwamkia mkubwa. Akitulia, vuta kwa ubavu, fimbo chini, ukimvuta kwenda juu unampumzisha tu. Ila usimchezee masaa, akichoka sana papa wanamla.

Na sheria ya Florida, tarponi akizidi inchi 40, kama mita moja, hatolewi majini hata kwa picha, kwa hiyo ile ya kumbeba begani kama gunia umtumie mama sahau, shemeji akupige ukiwa umeinama pembeni ya boti umemshika taya.