Kona ya kusomea katika nyumba ya pwani

Ndugu, umeuliza namna ya kupanga kona ya kusomea katika sebule ndogo mjini Tanga bila vitabu kuota ukungu. Ningeanza na rafu kabla ya kiti: iwekwe kwenye ukuta wa ndani, kwa kuwa ule wa nje hulowa zaidi wakati wa masika, na iachiwe nafasi ya sentimita 5 nyuma ili hewa ipite. Ukungu hustawi unyevu wa hewa unapozidi asilimia 65 hivi, ndiyo maana kabati lililofungwa, hata likipendeza namna gani, silipendekezi. Chini tandika mkeka wa ukindu, ambao hauhifadhi joto kama zulia zito. Kwa usiku, balbu ya mwanga wa manjano inatosha.