Mrija wa kupimia kwenye sufuria la ukwaju: mpira au kioo?

SWALI: Fundi, asalaam aleikum. Mimi napika maji ya ukwaju na tangawizi hapa Likoni, nauza kwa jumla. Nina sufuria la stenlesi la lita 50 na jiko la gesi. Nilichoka kufunua kifuniko na kutumbukiza kijiti kila nikitaka kujua yamebaki kiasi gani, basi mdogo wangu akanitobolea tundu karibu na kitako, akafunga kiungo cha brasi na mpira mng'avu uliosimama ubavuni, ule wanaotumia waashi kupigia leveli. Siku ya kwanza ulifanya kazi vizuri. Siku ya tatu umelegea na umekuwa mweupe kama maziwa. Muuzaji anasema hauyeyuki hata kwenye nyuzi 150. Niendelee nao, au ninunue mrija wa kioo?

JIBU: Waaleikum salaam, dadangu. Uvue mpira huo leo, kabla hujawasha jiko tena, na hilo tundu ulizibe mpaka upate kifaa cha sawasawa.

Muuzaji anazungumzia kuyeyuka, na hatari yako si kuyeyuka. Mpira wa leveli ni plastiki ya PVC iliyochanganywa na vilainishi ili ipindike. Kuanzia kama nyuzi 60 hupoteza nguvu, na ukwaju wako unachemka kwenye 100. Hautatiririka kama nta, utalegea pale unapobanwa na klipu, kisha siku moja uchomoke. Niliwahi kuitwa kwenye jiko moja baada ya jambo hilo kutokea. Mpira ulikuwa mzima kabisa, hauna hata ufa, umelala sakafuni. Yaliyomo sufuriani yalimwagikia miguu ya mpishi aliyevaa ndara. Tundu liko chini, kwa hiyo hakuna kinachozuia mpaka sufuria limalizike. Tangu siku hiyo nikiona mpira wa leveli kwenye sufuria la moto siwezi kunyamaza.

Jambo la pili ni ukali wa ukwaju wenyewe. Una asidi ya tartari kwa wingi, na asidi ya moto hula vitu ambavyo maji matupu huviacha. Brasi ni shaba na zinki, na mara nyingi hutiwa risasi kidogo ili ichongeke kwa urahisi. Kiungo hicho nacho kitoke. Bomba la mabati usiliguse kabisa, kwa sababu zinki yake huingia kwenye kinywaji na kuwatapisha watu. Chukua viungo vya stenlesi ya daraja la 304. Kama unatumia maji ya kisima yenye chumvi, kama visima vingi vyetu huku pwani, ongeza pesa kidogo uchukue 316, ambayo ina molibdeni na huvumilia chumvi zaidi.

Sasa mrija. Akriliki, ambayo wengi huiita pespeksi, iache, maana karibu na nyuzi 100 hulainika na kufanya nyufa ndogondogo. Polikaboneti, plastiki nyingine ng'avu, huvumilia joto hilo, lakini maji ya moto ya kila siku huichosha polepole, na ukiisafisha kwa magadi makali huharibika upesi. Silikoni ya chakula hupita nyuzi 200 bila taabu, ila si ng'avu, na ukwaju utaipaka rangi mpaka usione kitu. Hiyo tuibakize kwa mipira ya kuzibia.

Kioo ndicho jibu, lakini si kioo chochote. Unachotaka ni borosiliketi, kile cha vyombo vya maabara, ambacho hutanuka kwa joto kama theluthi moja tu ya kioo cha kawaida na kwa hivyo hakipasuki ovyo. Kuwa mwangalifu, kwa sababu mirija mingi ya kioo inayouzwa kwa shule ni kioo laini cha kupindia kwenye moto. Ipime hivi kabla hujalipa: mimina mafuta ya alizeti kwenye gilasi, tumbukiza ncha ya mrija mpaka mafuta yaingie ndani yake pia. Borosiliketi inapinda mwanga karibu sawa na mafuta hayo, basi ile ncha itafifia mpaka karibu usiione. Kioo cha kawaida kitabaki na kingo zake wazi. Na mtu akikushauri ukate taa ya tyubu iliyoungua, mkatalie. Ndani mna zebaki.

Kwenye kufunga ndipo vioo vingi huvunjikia. Stenlesi hutanuka zaidi ya kioo, na kwa mrija wa sentimita 40 tofauti hukaribia nusu milimita sufuria likichemka. Ukiubana chuma kwa kioo, lazima upasuke. Acha nafasi ya milimita 2 au 3 juu, ncha zote zipigwe msasa, na kioo kishikwe na oringi, yaani pete za kuzibia, za silikoni au za EPDM, mpira unaovumilia maji ya moto, peke yake. Oringi za gari na vipande vya tyubu ya baiskeli si vya chakula. Weka ngao ya stenlesi yenye mwanya mbele, mwiko usije ukaugonga. Upande wa jiko weka bati la kukinga, kwa maana ulimi wa gesi unaopanda ubavuni una moto mkali kuliko ukwaju wowote, nao utaunguza oringi.

Juu pawe wazi daima. Ukipaziba, mrija hausemi kweli na mvuke hutafuta pa kutokea. Chini, badala ya kona, mwambie mdogo wako aweke kiungo cha T chenye kizibo, ili upitishe brashi. Nyama ya ukwaju hujaa hapo na kuchacha usiku mmoja tu. Safisha kioo kikishapoa, usikimwagie maji baridi kikiwa moto.

Alama zichorwe kwenye ngao: mimina maji baridi lita 5 kila mara, uchore. Wakati wa kusoma punguza moto kwanza, povu litulie. Maji ya nyuzi 30 yakifika 100 hutanuka kama asilimia 4, kwa hiyo lita 40 ndani ya sufuria huwa karibu lita 41 na nusu. Ila yaliyo mrijani yamepoa kidogo na ni mazito, basi husimama chini ya yale ya ndani. Usidhani mrija umeharibika. Kadiri ulivyopoa ndivyo unavyokaribia kukuonyesha kiasi utakachojaza kwenye chupa kesho asubuhi.