Matusi ni yale yale, jina tu ndilo hubadilika: jibu langu kutoka Mbeya

Mleta mada umeuliza hivi: kwa nini wanawake wa upinzani wanalia wakiitwa malaya, wakati mwaka 2020 walikaa kimya Dk. Tulia Ackson, mgombea ubunge wa chama tawala, CCM, alipoitwa hivyo hivyo hapa Mbeya? Waliotangulia kukujibu wamekuwa wakihesabu tu. Huyu kaleta tusi la CCM, yule kaleta la CHADEMA, na bado wanapimana nani kazidi. Naomba nijibu kwa urefu, maana nilikuwepo, na mimi ni mmoja wa waliokaa kimya.

Nina duka la pembejeo karibu na soko la Mwanjelwa. Kadi ya CHADEMA ninayo tangu 2010, mwaka ambao mgombea wetu Joseph Mbilinyi, yaani Sugu, alilichukua jimbo la Mbeya Mjini kwa mara ya kwanza. Mwaka 2020 nilikuwa kwenye timu ya kampeni ya kata yetu, na tulikuwa na kundi la WhatsApp lenye watu zaidi ya 200. Humo tulipanga nani abandike mabango, nani awapikie mawakala, bajaji ya nani itabeba spika.

Kulikuwa na mengi ya kumuuliza Dk. Tulia. Alikuwa Naibu Spika tangu 2015, na wabunge wetu walilalamika kwamba kiti chake kinawabana, hadi mwaka 2016 wakawa wanasusia vikao alivyoviongoza. Bungeni aliingia kwa kuteuliwa na Rais, na jimbo alikuwa hajawahi kuligombea. Hayo ni maswali halali kabisa, ya kumbana nayo mgombea mbele ya wananchi pale Kabwe, hapa hapa Mbeya. Kwenye kundi letu yalidumu siku mbili tatu. Baada ya hapo ikawa analala na nani, nani kampa cheo, mumewe anavumiliaje. Mwanamke mwenye shahada ya uzamivu ya sheria, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuwa Naibu Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kwenye kundi letu akabaki mwili tu. Na mimi niliweka alama ya kicheko kwenye ujumbe mmoja. Ni mmoja tu, lakini hadi leo naukumbuka ulivyoandikwa.

Kuna jambo la wakati ule ambalo sijawahi kulisimulia. Mimi nimeolewa Rungwe. Wanaotujua Wanyakyusa wanajua heshima iliyopo kati ya mkamwana na baba mkwe. Jina lake hulitamki, na mkikutana njiani mmoja anapisha kwa mbali. Desturi hiyo inawahusu hata ndugu zake. Wengi siku hizi wameilegeza, lakini mdogo wake baba mkwe wangu bado anaishika. Akija kwetu, mimi huingia jikoni hadi akae, na salamu zake huletwa na watoto. Jioni moja ya Septemba ikaingia picha kwenye kundi, kichwa cha mgombea mwanamke kimebandikwa juu ya mwili wa mwanamke aliye uchi. Nikaangalia namba iliyoituma. Ilikuwa yake.

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Mzee huyu hawezi kunipita njiani kwa heshima, na hapo hapo anamvua nguo mwanamke mwingine mbele ya watu 200, nikiwemo. Hakujua nimo, maana kundi lilikuwa la namba tu. Kumwandikia nisingeweza. Nilimfuata shangazi yake mume wangu, nikampa simu aone mwenyewe. Shangazi hakusema neno, alijifunga kitenge akaondoka. Walizungumza nini sikuambiwa. Mzee hakuomba radhi, wala sikutegemea, ila picha ya namna ile hakutuma tena. Na mimi kwenye kundi sikuandika kitu. Nilijiambia kampeni imekaribia mwisho, tusigombane wenyewe kwa wenyewe, tukishinda tutarekebishana.

Hatukushinda. Novemba ile ile, tarehe 24, wanachama wetu 19 wakaapishwa kuwa wabunge wa viti maalumu, chama kikasema hakikuwateua, na tarehe 27 Kamati Kuu ikawafukuza. Kwa msimamo wangu, chama kilikuwa na haki ya kukasirika, na hilo sijalibadilisha. Nilichokiona kwenye kundi ndicho kilichonishtua. Mikono iliyoandika juu ya Dk. Tulia mwezi wa tisa na wa kumi ndiyo iliyoandika juu ya Halima Mdee na wenzake mwezi wa kumi na moja, kwa maneno yale yale. Jina walilobandikwa la COVID-19 lilikuwa la adabu ukilinganisha na mengine. Kuna mmoja alichukua sentensi yake ya Oktoba, akaondoa jina la mgombea wa CCM, akaweka la mwanamke tuliyemwimbia nyimbo miaka kumi.

Watu wa Iringa mtanielewa zaidi hapa. Grace Tendega alikuwa miongoni mwa hao 19. Huyu ndiye aliyesimama Kalenga kwenye uchaguzi mdogo wa Machi 2014, ngome ya CCM, akatembea vijiji kwa vijiji na mkashuhudia. Novemba 2020 nilisoma kwenye kundi letu kwamba hao wote 19 wamefika walipofika kwa chupi. Mwaka 2014 hakuna aliyesema chupi ndiyo iliyompeleka Kalenga.

Sasa pima na mwanamume. Mchungaji Msigwa, aliyekuwa mbunge wetu wa Iringa Mjini kwa miaka kumi, alihamia CCM mwishoni mwa Juni 2024. Tulimwita msaliti, tulimwita mwenye njaa. Maneno makali, tena mengine ya kuonea. Lakini katika makundi yote niliyomo, hakuna hata mmoja aliyeuliza kalala na nani ili apokelewe. Jesca Msambatavangu, aliyemshinda kwenye jimbo hilo mwaka 2020, aliulizwa mara ngapi? Usaliti wa mwanamume tunautafuta tumboni, wa mwanamke tunautafuta chumbani. Tofauti hiyo haina chama.

Nimesema haina chama kwa sababu wa upande wa pili nao naona mnachekelea. Mei 2016, mbunge mmoja wa CCM alisimama Dodoma, ndani ya Bunge, akadai kwamba wanawake wa viti maalumu wa CHADEMA wamepata nafasi hizo kwa kuwa wapenzi wa watu. Wabunge wanawake wa upinzani wakatoka nje. Baadhi ya wale 19 walikuwa wabunge wakati huo. Kwa hiyo tusi walilotupiwa na CCM mwaka 2016, sisi wenyewe tuliwatupia mwaka 2020, tena bila kubadilisha hata herufi. Na mwezi Agosti 2021, Rais Samia aliposema hadharani kwamba baadhi ya wachezaji wa kike wana vifua flati na kwamba sura zao zinawapa shida ya kuolewa, wale wale waliokuwa wakituhubiria tumheshimu kwa kuwa ni mwanamke walikimbia kutafuta maelezo. Mara alikuwa anatania, mara anawahurumia. Mabinti wale walikuwa wamefanya nini zaidi ya kucheza mpira?

Halafu kuna hili neno Mama. Tangu aapishwe Machi 2021, Rais wetu huitwa Mama, na sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni pale neno linapogeuzwa kuwa ngao. Nimehoji bei ya mbolea dukani kwangu, mteja akanijibu kwamba namtukana mama yetu. Nilikuwa naulizia mfuko wa mbolea! Mkifanya hivyo mnawafundisha watu kwamba kumkosoa mwanamke na kumtukana ni kitu kimoja, na asiyejua tofauti akikasirika ataokota lililo karibu.

Gharama ya jambo hili niliiona waziwazi mwaka 2023. Bunge lilipitisha mkataba wa bandari na Dubai tarehe 10 Juni, na kesi ya kuupinga ikafunguliwa hapa hapa, Mahakama Kuu Mbeya. Ndugu zangu, sijawahi kuona kundi letu likiwa na akili kama mwezi ule wa Julai. Vijana wa bodaboda walikuwa wanasoma vifungu. Mtu anauza viazi, anauliza mkataba unakoma lini, mgogoro unaamuliwa wapi, kwa nini muda wake hausemwi wazi. Nilijisikia fahari kuwa mtu wa Mbeya. Tarehe 10 Agosti majaji wakaitupa kesi, na usiku ule ule nikasoma kwamba tatizo ni nchi kupewa mwanamke, tena wa kutoka visiwani. Kesho yake hakuna aliyejibu habari ya vifungu. Mada ikawa moja tu, kwamba wapinga mkataba wanachukia wanawake na Wazanzibari, na ushahidi watetezi wa mkataba walikuwa nao kwenye picha za simu. Tuliwapa sisi. Maswali ya wiki sita yalizikwa na mstari mmoja wa mtu ambaye hata kifungu kimoja hakukisoma.

Mwaka 2024 zamu ikawa yangu. Niliomba kugombea ujumbe wa kamati ya mtaa katika uchaguzi wa Novemba. Sikufika hata kwenye karatasi ya kura, niliondolewa pamoja na wenzangu, na hilo lina uzi wake. Lakini wiki tatu kabla ya kuondolewa, mtu aliandika kwamba duka langu la pembejeo nimefunguliwa na kigogo mmoja, na akamtaja mume wangu kwa jina la kumdhalilisha. Mtaji wa duka hilo ulitoka kwenye viazi vya msimu wa 2008, na magunia yake niliyashona kwa mkono wangu. Mwanangu wa kidato cha tatu ndiye aliyeniletea ujumbe huo. Alikuwa ameusoma shuleni.

Aliyeandika alikuwa wa upande wa pili. Nilipolalamika, mtu wa kwanza kunijibu aliniambia: "Mbona 2020 mlicheka?" Hapo ndipo nafika kwenye swali lako, mleta mada.

Alikuwa na haki ya kuniuliza. Mkuki kwa nguruwe, na mimi nilikuwa mmoja wa waliouchonga. Nilimjibu kwamba ni kweli, nilicheka, na nilikosea. Nilitegemea basi atasema, kwa hiyo na hili la sasa ni kosa. Hakusema hivyo. Aliandika tusi lingine. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiangalia jinsi swali lako linavyotumika, huku na kwingineko. Mara chache sana nimemwona mtu analiuliza ili matusi yakome pande zote. Wengi wanaliuliza kama mtu anayeomba kibali: ninyi mlitukana wa kwetu, kwa hiyo nasi turuhusiwe wa kwenu. Ukimuuliza huyo anayehesabu, yeye alimtetea mwanamke gani wa chama kingine na lini, anahamia mada nyingine. Undumilakuwili ni kosa la kweli, nami nimelikiri langu hapa mbele yenu, lakini anayelitaja huku akitafuta zamu yake ya kutukana amekuwa ndumilakuwili wa tatu.

Mkuu mmoja hapo juu ameandika kwamba siasa ni vita, asiyeweza aende jikoni. Kaka, mimi jikoni natoka na jikoni narudi, sioni aibu. Anne Makinda wa Njombe aliongoza Bunge kama Spika kutoka 2010 hadi 2015, na sisi wa upinzani tulimpinga karibu kila wiki. Tulimpinga kwa kanuni za Bunge, kwa hotuba zilizokatizwa, kwa miongozo aliyoikataa. Inawezekana. Wengine walishindwa, na majina yao sikuyasahau.

Kwenye kundi letu la mtaa, ambalo lina CCM, CHADEMA na wasio na chama, mimi ni mmoja wa wasimamizi wawili. Simfukuzi mtu anayetukana kwa mara ya kwanza. Namwandikia kando, aandike upya hoja ile ile bila kugusa mwili, ndoa wala uzazi wa mtu, nami nitaibandika juu ya kundi siku nzima. Wengi hawaandiki tena, na hapo najua hoja haikuwepo. Wiki iliyopita kijana mmoja, wa chama changu, alianza na diwani wetu wa viti maalumu kwa yale yale ya "katuuza kwa bwana wake." Nikamwandikia. Alinuna nusu saa, akarudi na ujumbe mwingine: maji yanatoka Jumanne na Ijumaa tu, mtaro wa bomba umechimbwa tangu Machi haujafukiwa, mtoto wa jirani ametumbukia akavunjika mkono, na diwani aliahidi kwenye mkutano mbele yetu kwamba utafukiwa kabla ya mvua. Nikaubandika juu. Diwani alijibu jioni ile ile, ujumbe wa sauti wa dakika nne, na Jumatatu alikuja kwenye mtaro akiwa na buti.